Maji Hufuata Mkondo: Historia Fupi ya Gari Kuchemsha

Mtaani kwetu mtu akishindwa jambo tunasema amechemsha. Mwanafunzi aliyefeli mtihani amechemsha. Kipa aliyefungwa bao la kizembe amechemsha. Hata mwandishi aliyeanza riwaya vizuri akaja kuimalizia hovyo, naye kachemsha. Kila nikisikia neno hilo naona picha ileile: gari limesimama pembeni ya barabara, boneti iko juu, mvuke unafuka, na dereva kashika dumu tupu akiangalia bondeni kama kuna kijito.

Insha hii inahusu mvuke huo. Mwaka jana nilijiingiza katika ovahoo ya injini ya Peugeot 404 ya mjomba wangu, gari la mwaka 1967 ambalo lilianza kuchemsha kabla sijazaliwa. Nilidhani nakwenda kusimamia matumizi ya hela tu, mzee asipigwe. Nikajikuta nasoma historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilikuwa imeganda ndani ya injini yenyewe.

Nieleze kwanza. Injini ya 404 ina silinda nne, na kila silinda ni bomba la chuma linaloingizwa kwenye bloku na linaloweza kutolewa. Mafundi huliita slivu. Maji ya kupoza hulizunguka kwa nje na kuligusa moja kwa moja. Siku tulipozitoa, slivu tatu za mbele zilikuja na maji machafu tu, rangi ya chai. Ya nne, ya nyuma kabisa, ilikuja na tope. Si tope la kusema. Tope zito la kahawia, kama la kufinyangia chungu, limejaa kuizunguka hadi theluthi ya urefu wake. Fundi akalichota kwa bisibisi, akalipaka kwenye gazeti, akaniangalia.

“Haya mwanangu,” akasema, “hapa ndipo gari lenu lilipokuwa linachemkia. Rejeta mmeisingizia bure.”

Na kweli tuliisingizia. Mjomba alishabadilisha rejeta mara mbili na pampu ya maji mara moja. Gasketi ya hedi alishaacha kuhesabu. Hedi yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu, ilishapinda kwa joto na kupelekwa mashineni kusawazishwa mara mbili. Fundi alipima unene wake akatuambia wazi kwamba mara ya tatu haipo: nyama imekwisha. Ikichemsha tena, ndiyo basi. Hedi ya 404 si kitu unachoagiza asubuhi ukakipata jioni. Kwa hiyo swali letu halikuwa la kifalsafa. Tulikuwa na nafasi moja.

Jibu nililolipata, nikilitafuta kwenye vitabu na kwenye lile tope, ni hili: injini haichemshi kwa kukosa maji tu. Mara nyingi huchemsha ikiwa imejaa maji, kwa sababu maji hayafiki panapowaka. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Ukiyazibia njia hayagombani na wewe. Yanapita kwingine, na pale ulipoziba panaungua.

Twende nyuma. Ndani ya silinda, petroli inapowaka, joto huvuka nyuzi 2,000 za Selsiasi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachozuia injini isiyeyuke ni kwamba moto huo ni wa kufumba na kufumbua, halafu kuna kitu cha kubeba joto na kuondoka nalo. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: theluthi ya nguvu ya petroli inaendesha gari, theluthi inatoka na moshi, na theluthi inakwenda kwenye maji. Yaani kila ukijaza tenki, unanunua mafuta mengine kwa ajili ya kuchemsha maji. Historia ya gari ni pia historia ya watu waliotafuta namna ya kuondokana na theluthi hiyo.

Mwanzoni hawakuhangaika sana: waliacha maji yachemke. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilijipoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, kama birika lililosahauliwa jikoni. Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, alichukua gari la aina hiyo pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Watu wanapenda kusimulia jinsi alivyonunua mafuta kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, au alivyozibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia. Maji hayatajwi sana. Lakini safari nzima walikuwa wakisimama kuongeza maji popote walipoyapata. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa, kwa sehemu kubwa, safari ya kuchota maji. Dereva wetu mwenye dumu ana ukoo wa kuheshimika.

Kizazi kilichofuata kilidhani dawa ni maji mengi zaidi. Magari ya miaka ya 1890 yalibeba matangi. Aliyekata mzizi wa fitina ni Wilhelm Maybach, mhandisi wa Daimler, mwaka 1900. Kwa ajili ya gari jipya lililoitwa Mercedes, la nguvu farasi 35, alitengeneza rejeta yenye vijibomba 8,070, kila kimoja kikiwa na tundu la mraba la milimita 6 kwa 6. Upepo ulipita ndani ya vijibomba na maji yakapita katika nyufa nyembamba kati yake. Kwa umbo lake waliifananisha na sega la nyuki. Matokeo yake ndiyo yaliyonisimamisha: maji yaliyohitajika yalipungua kutoka lita 18 hadi lita 9, na gari likapoa vizuri zaidi. Machi 1901 Mercedes hiyo ikatamba kwenye mashindano ya Nice. Maybach hakuongeza maji, aliyapunguza nusu. Alichoongeza ni njia.

Henry Ford naye alikuwa na lake. Model T ilipoanza kutoka mwaka 1908, magari ya kwanza, kama 2,500 hivi, yalikuwa na pampu ya maji. Baadaye Ford akaiondoa. Alitegemea tabia ya maji yenyewe: yakipata moto hupanda, yakipoa hushuka. Maji ya moto yalipanda kutoka injini hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi chini ya injini bila kusukumwa. Zaidi ya magari milioni 15 yalitengenezwa hadi mwaka 1927, na sehemu kubwa kabisa hayakuwa na pampu. Lakini utaratibu huo ulitaka njia pana na injini isiyo na haraka. Injini zilipoanza kukimbia, maji ya kupanda kwa hiari hayakutosha. Pampu ikarudi. Ikaja themostati, mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata joto linalotakiwa. Ukaja pia mfuniko wa rejeta wenye springi, unaobana mvuke ili maji yachelewe kuchemka.

Mfuniko huo wengi hatuupi heshima yake. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Gari linalopanda kutoka pwani linakwenda mahali ambapo maji yake yanakata tamaa mapema, na linakwenda likiwa na mlima mbele yake. Mfuniko mzima wa pauni 7 humpa dereva nyuzi kama 12 za ziada. Uliokufa springi haumpi kitu.

Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka 1960, mwili wake umechorwa na Pininfarina. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa ubavu kwa digrii 45 ili boneti iwe chini. Feni yake haikuzunguka muda wote. Ilinaswa kwa sumaku ya umeme pale tu joto lilipopanda. Na zile slivu za kutoa na kuingiza zilikuwa neema kwa nchi zetu, kwa sababu fundi aliyeko mbali na mashine za kuchonga bloku aliweza kuweka slivu na pistoni mpya chini ya mwembe.

Sifa yake ilijengwa hapahapa. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliogopwa kwa vumbi na matope yake. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404, na magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1966 na 1967 wakashinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, na Chris Rothwell, kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na waliofika walikuwa 7 tena. Mjomba wangu, kijana wakati huo, aliapa kwamba gari lake la kwanza litakuwa hilo. Likawa la kwanza na la mwisho.

Basi lile tope lilitoka wapi, kwenye injini iliyoshinda Safari?

Lilitoka kwenye miaka iliyofuata. Anayekumbuka Tanzania ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa. Mafuta yalipanda bei duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba, fedha za kigeni zikakauka, na vipuri vikawa hadithi. Themostati ikikwama ikiwa imefungwa, ulikuwa na mawili: kuegesha gari au kuing’oa uitupe. Watu waliing’oa. Mfuniko ukifa springi, walifungia kipande cha tairi. Rejeta ikivuja, walivunjia yai ndani ili ute wake ugande kwenye tundu. Nilimuuliza mjomba kama aliwahi kufanya hivyo. Alikaa kimya, halafu akasema, “Mara mbili.” Kulanti ilikuwa anasa, maji yalitoka mtoni, bombani au kwenye dimbwi, pamoja na chokaa na mchanga wake. Bloku ya chuma ikashika kutu. Vyote hivyo vilisafiri na mkondo hadi mkondo ulipochoka, na mkondo huchoka mbali na pampu, yaani nyuma, chini, kwenye slivu ya nne. Lile tope lilikuwa kumbukumbu ya taifa iliyohifadhiwa vibaya.

Sina ubavu wa kuwacheka waliofanya hivyo. Waliyaweka magari barabarani katika miaka ambayo hayakupaswa kuwa barabarani. Tatizo ni kwamba kilichokuwa dharura kiligeuka elimu. Vipuri vilirudi, lakini vijana waliofundishwa kwenye uhaba walishajua kwamba themostati ni kitu cha Wazungu wa nchi za baridi, na kwamba gari la hapa halihitaji.

Hapo ndipo mimi na fundi tuligongana. Nilisema themostati irudi. Akasema haitarudi.

“Mzee, bila hiyo maji yatakimbia mno,” nikamwambia. “Hayatapata muda wa kuchukua joto.”

Nilikuwa nimelisoma hilo mahali, na nikuambie kweli, lilinivutia kwa sababu lina harufu ya methali: haraka haraka haina baraka. Lakini si kweli. Pulizia chai yako polepole, halafu pulizia kwa nguvu, uone ipi inapoa mapema. Upepo hauhitaji muda wa kukaa na chai, na maji hayahitaji muda wa kukaa na chuma. Maji yanayokwenda kasi yanabeba joto zaidi.

Sababu za kuirudisha ni nyingine. Ya kwanza, injini inayoendeshwa ikiwa baridi mno inajila: petroli isiyoungua vizuri huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na slivu zinasagika. Ya pili, injini nyingi zina njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta, na themostati za aina fulani, zikifunguka, huifunga njia hiyo. Ukiing’oa themostati ya aina hiyo, maji, kwa kuwa yanafuata mkondo, yanachagua njia fupi. Rejeta yako mpya inabaki pambo. Ya tatu, themostati ni kizuizi kidogo mwishoni mwa njia, na pampu inaposukuma dhidi yake, maji yaliyo ndani ya hedi yanabanwa. Maji yaliyobanwa hayageuki mvuke kirahisi pale kwenye vali za moshi. Mvuke ndio adui mwenyewe. Povu la mvuke likikaa juu ya chuma, hakuna maji hapo, hata kama rejeta imejaa hadi shingoni.

Nilimweleza fundi yote hayo. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

“Mimi siikatai hiyo kitu, mwanangu. Naikataa ikifa.”

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Themostati nzima inasaidia; iliyokwama inaua injini kwa dakika chache, na vya bandia vimejaa madukani. Tukakubaliana nikanunue mbili. Tuliziazimia jiko na sufuria kwa mama lishe wa jirani, tukazining’iniza kwa uzi ndani ya maji na kipimajoto pembeni. Ya kwanza ilifunguka ilipofika nyuzi 82, taratibu, kama ua. Ya pili maji yakachemka, yakaendelea kuchemka, haikufunguka hata kidogo. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi. Fundi hakusema kitu. Aliichukua akaiweka mfukoni, na nadhani bado anaionyesha kwa wateja.

Kazi nyingine zilikuwa za jasho zaidi kuliko hoja. Bloku ilitolewa vizibo vyote, ikakwanguliwa kwa waya kila pembe, ikalowekwa kwenye maji ya unga wa ndimu, ikasuuzwa kwa presha kutoka mbele na kutoka nyuma hadi maji yakatoka meupe. Slivu zilirudishwa na kupimwa ili zote zisimame juu ya bloku sawasawa kwa sehemu ndogo ya milimita, kwa sababu moja ikiwa fupi gasketi haiibani, na gesi ya moto inaingia kwenye maji.

Gasketi mpya ilipolazwa juu ya bloku, kijana wa gereji aliona matundu ya maji hayalingani, mengine madogo, mengine makubwa. Akataka kuyatanua yote ili maji “yapite freshi”. Mzee alimnyang’anya drili. Kwenye injini nyingi, alieleza, kiwanda huweka matundu madogo karibu na pampu na makubwa mbali nayo kwa makusudi, ili maji yalazimike kwenda nyuma kabla ya kupanda kwenye hedi. Ukiyatanua yote, maji yatapanda palepale yanapoingilia, na slivu ya nne itarudi kwenye ukiwa wake. Kuna injini ambazo ukiigeuza tu gasketi nyuma mbele, umeziba njia nzima.

Pampu tuliyoikuta ilikuwa inazunguka vizuri kwa nje, ila mapanga yake ya ndani yaliliwa na kutu hadi yakawa kama meno ya kibogoyo. Mpira wa chini wa rejeta nao ulikuwa umelegea. Huu ni mtego: pampu inavuta maji kupitia mpira huo, na gari likikimbia, mpira laini unanyonywa ukabonyea. Ukisimama kukagua, umeshajijaza, unaonekana mzima. Tuliweka mpya wenye springi ndani. Rejeta ilipigwa waya, na nyuma yake tukarudisha bati la kuzunguka feni, lililotupwa zamani na mtu aliyeona linamzuia mkono. Kwenye themostati fundi alitoboa kitundu cha milimita 3 upande wa juu, hewa ipate pa kutokea wakati wa kujaza. Mwisho tukaweka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Kusema haki, kulanti inabeba joto kidogo kuliko maji matupu. Kazi yake hasa ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka, na kwa bloku iliyoteseka kama hii, kutu ndiyo ilikuwa kesi.

Tulipoiwasha na kuiacha ingurume nusu saa, fundi alipima joto la hedi mbele na nyuma. Tofauti ilikuwa nyuzi 4. Akapima tena, kama mtu asiyeamini chenji aliyorudishiwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa Kitonga. Anayekwenda Iringa kutoka Dar es Salaam anaujua mlima huo: unatoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, halafu barabara inageuka ngazi, na mbele yako kuna malori yanayopanda kwa mwendo wa konokono. Ni mahali ambapo upepo wa mwendo haupo na injini inafanya kazi kuliko kawaida. Mjomba alikaa mbele. Miguuni aliweka dumu la maji la lita 10, na nilipomwambia halihitajiki alinitazama kama nimemwambia aende msikitini bila kanzu. Tulipanda kwa gia ya pili nyuma ya lori la saruji. Sikuangalia mandhari. Niliangalia mshale wa geji, naye pia, bila kusema neno. Ulipanda kidogo zaidi ya nusu, ukasimama hapo, na hapo ukabaki hadi juu.

Tulisimama Ilula, wanapouza nyanya kando ya barabara. Mjomba alishuka, akafungua boneti kwa mazoea, akasikiliza, akaifunga. Kisha akanunua ndoo ndogo ya nyanya, akalifungua lile dumu, na maji yake akaoshea nyanya.